Jumamosi Tunavisha Pete

Jumapili, tarehe 9 Juni

Daftari hili alinipa mjukuu wangu. Akasema: Bibi, mengine uyaandike tu, si lazima majirani wayasikie yote. Haya, naandika. Shule niliachia darasa la tatu na mwandiko wangu ni kama kuku amechakura, lakini atakayethubutu kunisahihisha nitamchapa.

La kwanza ni shakwe. Wamejenga kiota juu ya paa letu, nyuma ya tangi la maji, hatua kumi kutoka kwenye kamba yangu ya nguo. Mume, mke, na makinda watatu wenye madoadoa kama mawe. Mimi nakaa ghorofa ya nne, ya mwisho, na ufunguo wa mlango wa paa ninao mimi. Kwa hiyo paa ni langu. Ndege hawa hawajaelezwa. Yule dume ana kifua cheupe, mgongo wa kijivu, mdomo wa njano, na macho ya karani asiyetaka kukuhudumia. Namwita Mheshimiwa. Leo amechafua shuka mbili nilizofua kwa mkono. Si bahati mbaya! Alingoja nimalize kubana kibanio cha mwisho.

Mjukuu wangu anasomea ndege hao hao. Mwaka wa nne sasa yuko chuoni, ndege tu. Kila siku anapanda juu na darubini na mizani, anawapima kama nyama buchani. Ana miaka ishirini na saba, sura nzuri aliyorithi kwangu, mchumba hana. Bi Redio wa ghorofa ya tatu (jina nimempa mimi, maana hazimiki) aliniambia ngazini mbele za watu kwamba wajukuu wake wawili wameshaolewa, wangu labda ataolewa na ndege. Wiki nzima neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi leo! Niko jikoni, mjukuu sebuleni anaongea na simu. Mimi sisikilizi simu za watu. Nilifunga bomba na kuzima feni kwa sababu zangu mwenyewe. Nikamsikia akisema: Jumamosi saa nne asubuhi, juu kwa bibi, tunavisha pete. Wewe uje nazo. Mwalimu atakuwepo kushuhudia. Kisha akacheka.

Nikakalia ndoo.

Anavishwa pete! Juu ya paa langu! Bi Redio, umekwisha.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Sikungoja chai ipoe. Nilishuka kwa Bi Redio nikamwambia maneno manne tu: Jumamosi saa nne, pendeza. Akauliza kuna nini. Nikasema pete. Akauliza ya nani. Nikamwambia hiyo siri. Nilipofika chini kwenye lango, msimamizi wa jengo alinishika mikono yote miwili na kunipongeza, akasema ataleta viti.

Jioni nikamjaribu mjukuu, kwa akili. Nikasema nasikia Jumamosi kuna pete. Alishtuka! Akasema, Bibi, umejuaje? Nikamwambia mimi si mtoto. Akanikumbatia, machozi yakamlengalenga. Akasema hakujua kama najali.

Nikauliza pete ni ya dhahabu au fedha. Akasema ni alumini. Alumini! Kama sufuria! Akasema kila moja ina namba yake. Nikauliza inavaliwa kidole gani. Akacheka sana, akasema ni mguuni, Bibi, mguu wa kulia. Nikamwambia cha mguuni kinaitwa kikuku, si pete, na kwamba vijana wa leo mnapenda kugeuza mambo. Akasema sawa, Bibi, tuite kikuku. Adabu anayo.

Nikauliza huyo anayezileta ni nani. Ni mwenzake wa chuoni, mwenye ndevu. Anajua kushika bila kuumiza, akasema. Nikaona haya, nikaangalia pembeni.

Kisha akawa mzito. Akaniambia mwaka huu walikuwa na viota tisa juu ya mapaa ya mji. Panya, paka na watu wamemaliza vinane. Kimebaki hiki chetu. Makinda hawa watatu wakipotea kabla ya Jumamosi, kazi yake ya mwaka imekufa, anarudi nyuma mwaka mzima. Nikamwambia asiwaze ndege siku kama hizi, awaze uso wake, apake mafuta.

Lakini mimi nawaza. Wageni watakaa wapi? Juu. Nani yuko juu? Mheshimiwa. Haiwezekani mkwe wangu apige magoti halafu aangukiwe na uchafu kichwani. Lazima ndege waondoke. Kwa muda tu. Sherehe ikiisha watarudi.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Leo mpango wa kwanza.

Kila nikipanda, Mheshimiwa ananishukia kwa nyuma na kunigonga kisogoni. Mimi tu! Fundi wa tangi alipanda juzi, hakuguswa. Mjukuu anasema shakwe anakariri sura za watu, na akishakuweka moyoni, anakumbuka miaka. Nikasema vizuri, basi ataiona sura nyingine. Nikatoa kabatini koti la marehemu mume wangu na kofia yake, nikavaa, nikapanda nikitembea kwa kifua kama yeye, niwatishe waondoke wenyewe.

Mheshimiwa alisimama, akapinda shingo, akanitazama kwa jicho moja. Nikasema ameingia mtegoni. Hakuingia. Kofia iko baharini sasa.

Lililoniudhi zaidi si hilo. Bi Redio alikuwa chini uani anaanika, akainua macho, akamwona marehemu anakimbia ukingoni mwa paa. Kufikia saa sita jengo zima lilikuwa linajua. Wamama wawili walikuja kunipa pole, wakaniuliza kama marehemu ananidai maombi. Sikuweza kusema ni mimi. Nikasema alikuwa mtu wa kupenda hewa safi.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Mpango wa pili. Chumvi.

Niliomba vichwa vya samaki kwa muuza samaki, nikavifukia kwenye chumvi kilo nzima, juu yake pilipili ya unga vijiko vitatu. Anayekula hicho anahama nchi. Nikaviweka karibu na kiota nikajibanza nyuma ya mlango.

Wakala. Vyote! Mheshimiwa alilamba sakafu. Halafu akakaa kimya, matone yakaanza kumdondoka kwenye ncha ya mdomo. Tone, tone. Nikasema analia, amejuta. Nusura nimhurumie.

Nikamsimulia mjukuu kijuujuu, kama jambo nililoliona kwa mbali. Akasema halii. Shakwe anakunywa maji ya bahari kama sisi tunavyokunywa ya mtungi, ndani ya kichwa ana kitu kinachochuja chumvi, inamtoka puani. Na pilipili ndege hawaisikii kabisa. Nimempikia, kwa hiyo. Nimempikia vizuri.

Na ameita ukoo! Saa kumi walikuwa ishirini na wawili wamejipanga ukingoni, nusu yao wa rangi ya kahawia. Nikauliza hao vibarua wametoka wapi. Mjukuu akasema ni shakwe hao hao, vijana. Miaka minne mizima wanavaa kahawia, ndipo wanapata koti jeupe na mdomo wa njano na kuanza familia. Nikamwambia miaka minne si mingi, baba yako mdogo ana arobaini na mbili na bado yuko kwenye kahawia.

Msimamizi alikuja kuuliza kwa nini paa lina mkutano. Nikamwambia ni wageni wa upande wa mwanamume.

Jumanne waliropoka habari za marehemu, leo za ndege. Watu wa jengo hili hawana kazi.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Nimelipata! Na amenipa mwenyewe, mjukuu, bila kujua.

Alikuwa anapima makinda, mimi namshikia daftari, nikauliza lile doa jekundu kwenye mdomo wa mama yao ni ugonjwa? Akafurahi kama nimempa zawadi. Akasema si ugonjwa, ni kengele ya chakula. Kinda akiwa na njaa anadonoa pale penye wekundu, na mzazi anamtapikia samaki. Hata ukileta kijiti cha njano chenye doa jekundu, watakifuata wakidhani ni mama. Amesoma miaka minne ili anieleze hilo, na mimi nimelifanyia kazi kwa nusu saa.

Nimechukua mwiko. Nimeupaka rangi ya njano iliyobaki ya mlango. Doa nimeliweka kwa rangi ya kucha ya mkwe wangu, mke wa mwanangu, aliyoisahau bafuni tangu mwaka jana. Nimengoja ukauke. Nikapanda juu, Mheshimiwa akiwa bandarini na mkewe amesinzia.

Wallahi walinijia! Watatu, wanatikisa vichwa, wanalia tii-tii-tii, wanagonga mwiko wangu. Yule mdogo aligonga, akanitazama, akagonga tena. Sikuwa na samaki. Ilikuwa aibu kidogo. Nikashuka kuchukua dagaa watatu nikapanda tena. Si kwa huruma. Mafunzo yanataka chakula.

Kesho nawahamishia bafuni kwangu. Wazazi wakiona kiota kitupu wataenda zao kutembea. Jumamosi mchana nawarudisha, mjukuu ana mume na makinda wake pia. Nani kama mimi?

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Mjukuu yuko chuoni kutwa anajiandaa. Kazi imefanyika.

Nilivaa sufuria kichwani, nikashika mwiko mkono mmoja na beseni mwingine. Makinda waliingia kwenye beseni wenyewe, mmoja, wawili, watatu. Nikawafunika taulo. Hapo Mheshimiwa akarudi. Kung! Kung! Nyumba nzima ilidhani mafundi wameanza. Mkewe akashika pindo la gauni langu akavuta. Nilimwambia mwanamke mwenzangu niache, hujui ninachopigania. Hakunielewa.

Nilishuka ngazi mbio, nikapitiliza mlango wangu kwa mshtuko hadi ghorofa ya tatu, nikarudi juu, nikaingia, nikafunga bafu, nikafunua taulo.

Wawili.

Nikahesabu tena. Wawili. Nikatafuta ngazini, nyuma ya mitungi ya maua, chini ya mkeka wa mlangoni. Hakuna. Mlango wa Bi Redio ulikuwa wazi kidogo, nikauliza kama ameona chochote. Akasema hajaona kitu, akafunga. Bi Redio! Hajaona kitu! Labda ni mgonjwa.

Labda walikuwa wawili tangu mwanzo. Hesabu haikuwa somo langu.

Bafu linanuka kama meli. Nimewapa dagaa. Wananifuata hadi kwenye ndoo. Juu wazazi wao wanazunguka na kulia, hawajaenda kutembea. Nimeweka pamba masikioni.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Naandika nikiwa nimevua kila kitu cha heshima.

Saa tatu na nusu paa lilikuwa limejaa. Viti thelathini vya msimamizi, yeye mwenyewe ndani ya suti. Mwanangu na mkewe, wamenuna kwa kuwa binti yao hakuwaambia. Nikawaambia binti anaona haya. Keki nyeupe mezani. Bi Redio kavaa nguo ya kung'aa na mkoba mkubwa kama wa mkunga. Kimya. Haongei. Nikasema wivu huo, umemkaba.

Saa nne mlango ukafunguka. Mjukuu, amevaa buti za mpira! Nyuma yake mwenye ndevu na begi, na mwalimu wao, mama mmoja mkavu mwenye daftari. Mjukuu akaona viti. Akauliza kwa sauti ndogo, Bibi, watu wote hawa wanapenda ndege? Bi Redio akasahau ukimya wake akapiga vigelegele. Mimi nikambandika mwenye ndevu ua kifuani. Akashukuru.

Msimamizi akaomba pete ionyeshwe, mashahidi waione. Mwenye ndevu akafungua begi akatoa koleo, na uzi mrefu uliotungwa pete. Pete mia!

Bi Redio akasema, kaka, kwani unaoa wangapi?

Watu walicheka. Mjukuu hakucheka. Alikuwa ameshakwenda nyuma ya tangi, na alirudi na uso ambao sitaki kuuona tena. Akasema hawapo. Akakaa chini kwenye zege. Mwalimu akaenda, akaangalia, akafunga daftari. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma, kwamba bila makinda hakuna kazi, itabidi mwaka ujao aanze upya.

Nikauliza, sasa pete si ya kwako? Mjukuu akaniangalia. Akasema ni ya makinda, Bibi. Tunawavisha ndege pete ili tuwajue wakikua. Ulidhani nini?

Thelathini wanasikiliza. Mwanangu akaanza kukohoa.

Nisiseme uongo humu. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Lawama ingemwendea paka, na Bi Redio angebaki na kichekesho kimoja badala ya viwili. Lakini mtoto yule analia bila sauti. Hivyo hivyo alilia akiwa na miaka mitano, na hivyo hivyo sikuweza kuvumilia. Nikasema wako bafuni kwangu. Nikasema niliwahamisha mimi, kwa mwiko.

Aliruka akashuka ngazi zote mbili mbili. Akarudi na beseni. Bibi, wako wawili.

Nikasema wa tatu sijui. Hilo lilikuwa gumu kuliko la kwanza.

Ndipo mkoba wa Bi Redio ukalia tii-tii-tii.

Kila mtu akaugeukia. Akaushika kifuani akasema ni simu. Simu ikatoa kichwa! Eti kinda aliingia mwenyewe jana kwa mlango wake, yeye akampa biskuti, akamlaza kwenye mto, akampa jina, na hakumwambia mtu yeyote kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu cha kwake peke yake. Alilia. Akasema kama ni cha shule, chukueni. Nikampa leso yangu, ile nzuri.

Wakavishwa. Mwenye ndevu kweli anajua kushika. Wa kwanza alimtapikia msimamizi dagaa kwenye suti. Wa pili vizuri. Wa tatu, yule mdogo, nilimshika mimi, kwa ombi la mjukuu. Nilikuwa nimepaka rangi nyekundu mdomoni kwa sherehe. Kinda akaniangalia, akainua shingo, akanidonoa mdomo. Tena na tena. Watu wakapiga makofi. Mwalimu aliandika watatu, akapiga mstari chini yake.

Keki alichukua Mheshimiwa. Yote, na sahani.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Makinda wamerudi kwenye kiota, wazazi wamewapokea, hakuna aliyeulizwa alikuwa wapi. Ningependa na mimi kupokelewa hivyo.

Mjukuu alikuja mchana. Hakusalimia. Aliosha sahani zote thelathini za wageni wa jana, mimi nafuta. Kwenye ya ishirini akasema, Bibi, ungeniuliza tu. Nikasema nilikuuliza! Dhahabu au fedha! Kidole gani! Akajaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka hadi akaketi kwenye ndoo, na mimi nikacheka, ingawa sikuona cha kuchekesha.

Kisha akanishika mkono akaniapisha. Neno nikilisikia nusu, niulize nusu ya pili. Nisisikilize simu. Nisialike mtu. Nimeapa kwa moyo wangu wote. Mimi nikishaelewa, nimeelewa.

Jumanne, tarehe 18 Juni

Mjukuu yupo sebuleni, anaongea na simu. Mimi nilikuwa napita tu na kitambaa cha vumbi, na vumbi liko mlangoni pake.

Kazi yake imesifiwa. Wanakwenda kisiwani miezi miwili kuhesabu shakwe, yeye na mwenye ndevu, kwenye hema. Nikataka kuingia kumpongeza, ndipo nikamsikia anasema kwa furaha: kwa hiyo umepata jiko!

Nikashika ukuta.

Kupata jiko! Hapa hakuna nusu ya pili ya kuuliza. Kila mtu aliyenyonya anajua mwanamume akipata jiko amepata nini. Si maneno ya chuo hayo, ni Kiswahili cha mama yangu. Mjukuu akaendelea, nikasikia kila neno: Ni dogo, ndiyo, lakini linatosha. Limetumika kidogo, si neno, bado zima.

Limetumika! Mjukuu wangu! Na yeye anakubali kuitwa hivyo, anacheka! Nimekuja chumbani kuandika haraka kabla damu haijanipanda.

Mwenye ndevu anakuja kesho saa tatu, ndivyo walivyokubaliana. Vizuri. Atanikuta mlangoni, wazee wa jengo wakiwa nyuma yangu kwenye viti. Atasema mbele yao ni nani aliyetumika, halafu tutapanga tarehe.

Kiapo sijakivunja. Sijaalika mtu. Nimemwambia Bi Redio tu.